Jozi Sita za Mitalawanda na Mwiko Mmoja

Ilianza Jumatano, saa kumi za alasiri, siku moja kabla ya maulidi ya wasichana, pale Mwalimu wetu alipotuambia tuvue mitalawanda yetu ya mbao na kuipanga uani kwa mstari. Ndivyo anavyopanga zamu za kuimba. Haandiki. "Jina nikiliandika mtaligombania mkiwa nyumbani," husema. "Kiatu mtakigombania hapa hapa mbele yangu." Kila jozi ni msichana mmoja. Akiisogeza jozi yako mbele, umesogea mbele. Akiirudisha, umerudi, nawe umesimama peku kando ya ukuta unajitazama unavyohamishwa.

Tulikuwa wasichana saba, wote tumekwisha kuhitimu Kurani na kubaki kwa masomo ya mbele: hati, fikihi na kasida. Mwalimu ni mjane. Alifika Rumonge na msafara kutoka Ujiji, kabla Wadachi hawajajenga boma lao kule Usumbura, na watu wanasema upande wetu wote wa ziwa hakuna mwanamke anayejua kupiga tari kama yeye. Kila Mfungo Sita wanafunzi wake huimba mbele ya wanawake wa mji, mmoja mmoja, kila mtu na kasida yake, wenzake wakimwitikia na kumpigia matari. Safari hii tuliitwa nyumbani kwa tajiri mmoja Mwarabu mwenye ua mpana. Tuanze baada ya adhuhuri, tumalize kabla jua halijazama, maana askari hawapendi kusikia ngozi ikilia usiku, hata uwaambie mara mia kwamba tari si ngoma.

Mimi nilikuwa na haja moja tu: nilitaka kuimba nyuma, karibu na mwisho. Haikuwa kwa kutaka sifa. Mama yangu anakaa Minago. Ni Mrundi wa huko huko, na baba alipomwacha, mimi nikiwa mdogo, alirudi kwao akaolewa na mkamua mawese. Mimi nikabaki Rumonge kwa bibi yangu mzaa baba. Wiki hii mwenye mtumbwi anayeleta mawese sokoni aliniletea salamu: "Mama yako anasema amahoro. Alhamisi anakuja kukusikia."

Mitumbwi ya Minago huondoka alfajiri, lakini ikifika kwetu watu hawashuki hivi hivi tu. Tangu ugonjwa wa malale uingie ziwani, watu wa dawa wa Wadachi huwakalisha abiria mchangani na kuwapapasa shingo mmoja mmoja wakitafuta uvimbe. Kazi hiyo siku nyingine inakwisha mapema, siku nyingine inafika alasiri. Kwa hiyo nikiimba mwanzo, mama atakuwa bado amekaa mchangani. Nikiimba nyuma, huenda akanisikia.

Hayo yote yalikuwa kichwani mwangu, na mdomoni hapakuwa na kitu. Mimi ni mtu ambaye akiulizwa habari za nyumbani huangalia kwanza vidole vya miguu. Tena naandika haya Alhamisi, adhuhuri haijaingia, nywele zangu bado mbichi kwa maji ya kuoga, kwa hiyo asiniulize mtu yatakayotokea huko mbele. Siyajui.

Mwalimu alianza na utaratibu wa siku zote: aliyehitimu kwanza aimbe kwanza. Mimi nikawa wa tano. Nikapumua. Wa saba akawa rafiki yangu, binti wa Kimanyema, baba yake ni fundi wa mitumbwi. Hana mitalawanda, basi alikwenda jikoni kwa Mwalimu akarudi na mwiko, akaulaza mwisho wa mstari.

"Hiki nini?" Mwalimu akauliza.

"Iko mimi, Mwalimu."

"Wewe mwiko?"

"Mwiko, ndiyo. Nisipopita mimi hakuna mutu anakula."

Tulicheka mpaka kuku wakakimbia. Mwalimu naye alicheka, akafuta macho, akauweka mwiko sawa kana kwamba ni jozi ya mitalawanda kama nyingine.

Ndipo binti wa tajiri akajongea. Ni mkubwa kuliko sote, na ni mpole, ila hajui kusema jambo lake bila kulifunika kwa jina la mama yake. "Mama anasalimu," akasema. "Mama anasema nyumba ikialika, nyumba ndiyo inayofunga. Mgeni akifunga yeye, baraka inatoka naye."

"Baraka ya nyumba yenu ina miguu?" rafiki yangu akauliza.

"Mimi sijasema. Mama ndiye amesema."

Mwalimu aliitazama jozi yake, yenye misumari ya shaba, iliyokuwa ya pili. Akaichukua akaiweka mwisho kabisa, nyuma ya mwiko. Wote wa katikati wakasogea mbele. Nikahesabu kwa macho: nimekuwa wa nne.

Haukupita muda, mdogo wetu wa mwisho akaanza kulia. Akisubiri sana anasahau maneno, anaomba aimbe mapema. Mwenzake akasema kama huyu anapewa kwa sababu ya udogo, basi udogo uangaliwe kwa wote. Mwalimu, ambaye hapendi kilio, akasema haya, wadogo mbele, wakubwa nyuma, ila nyumba ifunge. Akainama akabadili mstari mzima. Mimi naonekana mrefu, lakini kwa umri nina mmoja tu chini yangu. Nikawa wa pili.

Nilisimama nikiitazama mitalawanda yangu, kamba ya kushoto imekatika na kufungwa fundo, nikajiuliza imefanya nini hata ifukuzwe kutoka wa tano mpaka wa pili. Au imepandishwa? Hilo nalo sikulijua. Rafiki yangu alinisogelea akaninong'oneza.

"Ushukuru hukuwa wa kwanza. Kwetu Manyema mwenye kuanza iko wa kufagia uwanja. Anaimba, watu bado wanatafuta pa kukaa. Mwimbaji mwenyewe anakuja nyuma."

"Bibi yangu anasema anayefungua ndiye mwenye heshima."

"Bibi yako mutu wa pwani. Watu wa pwani wanakula halua mbele ya wali."

"Nani anazungumza?" Mwalimu akauliza.

"Mwiko, Mwalimu," wakasema watatu kwa pamoja.

Wakati huo kila mtu alikuwa na neno. Huyu anasema umri si haki, yule anasema kuhitimu si haki kwa sababu mwenzake alirukishwa juzuu nzima alipougua ndui. Binti wa tajiri alikuwa hasemi kitu, nyumba yake imekwisha kufunga. Mwalimu akapiga kofi moja. "Viatu vimenichosha," akasema. "Sasa tuiulize ngozi."

Akawasha moto wa maganda ya chikichi, ambayo yanawaka sana na hayana moshi, akayapasha matari. Ngozi ya mbuzi ikipata moto inajikaza, inalia juu, kali. Ikipigwa kitambo, na upepo wa ziwa ukaja na unyevu wake, inalegea na sauti inashuka. Mwenye sauti nyembamba hana budi kuimba ngozi ikiwa imekaza. Mwenye sauti nzito ana raha, anangoja ilegee. Mwalimu akatuambia kila mtu aimbe ubeti mmoja, yeye akipiga.

Zamu yangu ilipofika niliimba nikiangalia mdudu aliyekuwa akipanda ukutani. Nikamaliza. Mwalimu akainuka, akaichukua mitalawanda yangu, akaipeleka mwanzo kabisa wa mstari.

"Wewe unafungua," akasema. "Sauti yako sindano. Ngozi ikilegea haina pa kuchoma."

Wasichana wakapiga vigelegele. "Hongera! Mfunguzi!" Binti wa tajiri akanishika mkono. Na rafiki yangu, kutoka nyuma, akanitazama kwa huruma kabisa akasema, "Pole, dada." Yaani kwa jambo lile lile, kwa pumzi moja, nilipewa hongera na pole, na nikaitikia zote mbili, "Ahsante, ahsante," kama mtu asiye na akili.

"Mwalimu..." nikaanza.

"Enhe?"

Wote wakanigeukia. "Hakuna kitu," nikasema.

Nilirudi nyumbani nikiburuta ile kamba iliyokatika tena. Nilipanga kumwambia bibi habari pole pole, ili nipate kujua mwenyewe ni habari ya namna gani. Alikuwa barazani akipepeta mchele. Sijavuka hata kizingiti, akasema, "Mfunguzi wangu ameingia."

Nikasimama. Leso mpya ilikuwa imetundikwa juu ya chetezo, imekwisha kufukizwa udi. Hakuna mtu aliyenitangulia njiani. Nilikuwa nimetoka pale wa kwanza.

"Nani amekuambia, bibi?"

"Mji mdogo huu."

"Lakini Mwalimu ameamua sasa hivi."

Akarusha mchele, akaupuliza makapi. "Basi kaa ule."

Sikukaa. Nilihisi kitu kinanipanda kifuani, na sikujua kama ni hasira au njaa. "Bibi, ulikwenda kwa Mwalimu?"

"Nilikwenda asubuhi. Kwani nimekwenda kwa mganga?"

"Kumwambia nini?"

"Kumwomba uanze wewe."

"Mama anakuja kesho." Nikalisema. Katika nyumba ile neno mama huwa halisemwi. Hakuna aliyelikataza, ila likisemwa kila mtu hutafuta kazi ya mikono. Lakini bibi aliuweka ungo chini.

"Najua anakuja. Yule mwenye mtumbwi ana mdomo mpana kuliko mtumbwi wake."

"Nikianza hatanisikia!"

"Hatakusikia, ndiyo."

Nilidhani nimemkamata. Nilidhani sasa nitapata maneno niliyokuwa nikiyatafuta miaka yote, kwamba humpendi mama, humtaki, ulimtaka baba aoe mtu wa pwani. Nikafungua mdomo. Bibi akanitangulia, na hakuwa amekasirika hata kidogo.

"Siku uliyohitimu alisema anakuja. Uliimba unatazama mlango. Ubeti wa tatu sauti ikakatika, wanawake wakasema mtoto ana kikohozi, nami nikasema ndiyo, ana kikohozi. Sikukuu ya juzi alisema anakuja. Ulifunika sahani yake, ukaketi nayo mpaka mchuzi ukachacha, na hukuniacha niimwage." Akaokota chenga moja mkekani, akairudisha kwenye ungo. "Ukiimba wa kwanza, akiwa hakuja, utakuwa umekwisha kuimba. Huna mlango wa kuutazama."

"Na akija?"

"Akija atakula halua kama wageni wengine."

Nilitaka kulia na nilitaka kucheka. Nilitaka pia kumuuliza kama mama alizuiwa na wale wapapasa shingo siku zile mbili, au hakupanda mtumbwi kabisa, lakini bibi angelijuaje hilo? Mimi mwenyewe silijui. Mtu aliyeninyima kusikiwa na mama yangu alikuwa amefanya hivyo kwa kunihurumia, na huruma ile ilikuwa ya kweli, tena alikuwa na haki, mara mbili. Nilikula kile chakula bila kujua ni samaki au maharage. Nikalala sijui nimkasirikie nani.

Alhamisi, baada ya swala ya alfajiri, nilitoka bila kuaga. Njia nzima nilikuwa nikipanga maneno: Mwalimu, shikamoo, nina ombi, kama halitakuudhi. Nilimkuta akifagia uani, pale pale palipokuwa na mstari wa viatu. Maneno yote yakanikimbia.

"Nataka kuimba nyuma," nikasema. Hata shikamoo nilisahau.

"Nyuma ya nani?"

"Nyuma. Mama yangu anatoka Minago, atashikwa mchangani mpaka alasiri."

Mwalimu akaegemea ufagio. Kabla hajajibu, nikauliza la pili, kwa kuwa mdomo ulikuwa umekwisha kufunguka na sikujua utafunguka tena lini. "Ni kweli bibi alikuomba?"

"Aliniomba. Nikamwambia zamu haziombwi kwa mlango wa nyuma. Akaenda zake anatabasamu, kama mtu aliyekubaliwa. Kisha alasiri ngozi ikakuweka pale pale alipopataka." Akacheka kidogo. "Bibi yako anadhani ni yeye. Mwache adhani."

Basi hata yule niliyeshindwa kumkasirikia hakuwa amefanya kitu. Nilisimama pale kama mtu aliyebeba mzigo akaambiwa mwenyewe amehama.

"Ya mwisho ni ya nyumba, siigusi," Mwalimu akasema. "Inayobaki huko nyuma ni ya sita, ya mwiko. Kamwite mwenyewe. Zamu ya mtu haichukuliwi mwenyewe akiwa hayupo."

Rafiki yangu anakaa ua wa pili. Alikuja na mswaki mdomoni, leso imefungwa upande. Mwalimu akamweleza. Akamsikiliza mpaka mwisho, akanigeukia.

"Mimi nifagie uwanja?"

"Mara hii tu," nikasema.

"Mbele ya mama wa wavuvi wote? Mbele ya mama mukwe wangu wa kesho, simujui iko nani?"

"Kwa watu wa pwani ni heshima," Mwalimu akamwambia.

"Mwalimu, mimi si mutu wa pwani." Akaendelea kupiga mswaki, ananitazama. Halafu akautoa. "Mama yako anakuja kweli?"

Nilitaka kusema ndiyo. Ingekuwa rahisi. "Sijui," nikasema.

Akatema mate pembeni, akajifuta mdomo. "Basi nafagia. Lakini nafagia kwa nguvu, vumbi litaingia mpaka kwenye kahawa yao."

Mwalimu akashika kichwa. Sauti ya yule rafiki yangu ni nzito kama ya mtu mzima, na sasa ingeanza yeye, ngozi ikiwa imekaza. "Kwa huyu nitayapasha kidogo tu, Mungu anisamehe," akasema. Kisha akaniangalia mimi. "Na wewe utakuja matari yamelala kabisa. Makaa yote wakati huo yatakuwa ya kahawa na vyetezo, hakuna atakayenipa hata kipande. Ukiimba juu kama jana, utabaki huko juu peke yako. Unajua kushuka?"

"Sijui."

"Kaa hapa."

Akatia vidole kwenye kata ya maji, akanyunyizia ngozi ya tari mpaka ikalegea. Alipoipiga ililia du, du, kama mtu anayegonga gunia la chumvi. Nikaanza ubeti wa kwanza. Sauti ikatoka pale pale ilipozoea, na hata mimi nilisikia kwamba haikuwa na mwenzake. Tena, akasema Mwalimu. Nikashuka kidogo, ikakwaruza. Tena. Nikashuka, nikapoteza neno. Rafiki yangu akaketi kwenye kizingiti akiitikia kwa mdomo uliojaa kiporo.

Hatukumsikia bibi akiingia. Alikuwa ameamka akakuta mkeka wangu mtupu, akanifuata. Alisimama na leso yangu mpya begani, ile yenye udi. Mwalimu akamwambia mambo yote, kwamba nimehama, nimekuwa wa sita, na kwamba nimeliomba mwenyewe kwa mdomo wangu.

"Kwa mdomo wake?" bibi akauliza.

"Kwa mdomo wake. Hata shikamoo sikupewa."

Nilingoja. Bibi akaitundika leso kwenye mlango wa jiko, akavuta kigoda, akaketi. Akachukua tari la pili, akalinyunyizia maji. Sikuwahi kumwona ameshika tari maisha yangu yote. Mkono wake ulikuwa unajua.

"Shuka tena," akasema.

Nikashuka. Wakanipigia wote wawili, pole pole, na jua likapanda ukutani, na wanawake wa mji wakaanza kupita nje wakipeleka mikeka kwa tajiri. Niliimba kasida ile ile mpaka ikawa kama si yangu. Mahali fulani, sijui ubeti wa ngapi, sauti ikapata pa kukanyaga, nzito kuliko nilivyoijua, ikatoka kifuani wala si kooni. Nilishtuka nikataka kuacha. Mwalimu akanionyesha kwa kichwa niendelee.

Nilipomaliza, bibi alikuwa ameinamisha uso juu ya ngozi.

"Hiyo ndiyo sauti ya mama yako akitwanga muhogo," akasema.

Sikujua kama ananisifu au ananisuta. Mwalimu akaanza kupiga tena. Nikarudi ubeti wa kwanza, chini vile vile.